Kitalu cha Wodi ya Vijana

"Kamata mbegu," alisema Sista Devotha.

Prisca hakukamata. Aliirudisha mikono nyuma na kuikutanisha juu ya kamba za gauni lake la kijani, gauni la wodi lisilo na vifungo, maana vifungo, kwa sheria za humo, vingeweza kumezwa. Pakiti ya mbegu za kabichi ikabaki inaning'inia kati yao. Kitalu kilikuwa tayari: tuta lililoinuliwa shubiri moja, udongo uliopondwa ukawa laini kama unga, na pembeni rundo la nyasi kavu za kufunikia. Prisca mwenyewe ndiye aliyekiandaa kwa siku tatu.

"Una masikio au huna?"

"Ninayo, Sista. Sipandi."

Wasichana wawili waliokuwa wakichota maji bombani waliacha maji yafurike. Mwamvita, mtoto wa mjini ambaye jambo halikupita mbele yake bila kulitilia neno, alitua ndoo yake chini na kujishika kiuno.

"Weee! Leo sinema imeletwa wodini."

"Wewe nyamaza," Sista alimwambia bila kumtazama. Kisha akamgeukia Prisca kwa sauti ya chini, ile sauti aliyoitumia anapotaka kuogopwa. "Leo ni Alhamisi ya daktari. Nikiandika kwenye faili kwamba umekataa kazi, unajua kinachofuata?"

Prisca alijua. Kingefuata sindano. Aliwahi kuchomwa mara mbili mwezi wa tisa, wakati huo akiumwa kweli. Alizikumbuka siku zilizofuata: shingo imepinda upande kama ya kuku aliyechinjwa vibaya, ulimi umejaa mdomoni, mate yanachuruzika na mwenye mate anayaona lakini mkono hauinuki kuyafuta. Mtu akiletwa mbele ya daktari katika hali ile, daktari haulizi swali la pili.

"Najua," alisema. "Sipandi."

Ilikuwa tarehe kumi na sita Februari, mwaka tisini na tano. Prisca alikuwa na umri wa miaka kumi na sita.

Hebu tuseme ukweli wote, maana wapo watakaosema kwamba hakuwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa. Mwezi wa nane, kiwanda alichofanyia kazi baba yake kilipata mmiliki mpya, na mmiliki mpya akawapa watu barua za kuachishwa kazi. Baba yake, Severini, alirudi na barua yake mtaani Mafiga, kwenye chumba walichopanga wawili ili binti asome sekondari mjini, akakaa kitandani siku nne akiitazama. Siku ya tano ni Prisca aliyeacha kulala. Hakulala siku kumi na moja. Alisema mfululizo mpaka sauti ikakauka; alisikia walimu wakimwita kutoka kwenye mabati; alipanda juu ya dawati katikati ya kipindi cha Jiografia akachana madaftari yake moja baada ya jingine na kuwagawia wenzake kurasa kama mtu anayegawa mkate. Severini alimleta hospitalini kwa kufunga mkono wake na wa binti yake kwa khanga moja. Akaweka saini. Wiki mbili baadaye alikwenda kaskazini, kwenye machimbo ya vito, kutafuta maisha, na tangu hapo hakuna aliyepata barua yake.

Dawa zilimsaidia. Nalo ni kweli. Alilala, sauti zikapungua, zikawa kama redio ya jirani, halafu jirani akazima redio. Kufikia mwisho wa Novemba Prisca alikuwa akiamka asubuhi anajijua yeye ni nani, yuko wapi na amekosa mtihani gani.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Lilikuwa kosa la kwao, la milimani.

Kwao Mgeta, mtu aliyekuwa mgonjwa haulizwi kama amepona. Watu wanatazama jembe. Siku anapolishika akashuka nalo kwenye ngazi za shamba, nyumba nzima inajua, na mada imefungwa. Basi Prisca, alipojiona mzima, hakwenda kwa mtu yeyote kusema, "Nimepona." Aliomba jembe.

Nyuma ya Wodi ya Vijana palikuwa na mteremko, na mbele yake ubao wenye maandishi: TIBA KWA KAZI. Zamani paliota mchicha kidogo tu, nao ulisombwa kila mvua iliponyesha kwa sababu aliyelima alilima kufuata mteremko, kama anayeichimbia mvua njia. Prisca aliona aibu kwa niaba ya ardhi. Alichonga ngazi tano, akazipandia majani kingoni zisibomoke. Alichimba mfereji kutoka kwenye bomba la kufulia. Dawa zilimtetemesha mikono, na mbegu za seleri ni ndogo kama vumbi, basi akazichanganya na mchanga mkavu ili hata mkono unaotetemeka uzimwage sawasawa. Kufikia Mwaka Mpya palikuwa na seleri, liki na karoti changa, na safu tatu za chainizi zilizokomaa vizuri.

Kila ngazi aliyoichonga ilikuwa inasema, nimepona. Hakukuwa na mtu wa kuisoma.

Sista Devotha alisoma jambo jingine. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Mshahara wake uliishia tarehe kumi, mumewe naye alikuwa amepewa barua, na siku hizo kila mtu alikuwa na mradi. Mwalimu aliuza barafu darasani, karani alifuga kuku stoo, yote ruksa. Sista akapata mradi wake nyuma ya wodi, na mradi wenyewe una mikono miwili na unakula maharage ya serikali. Hoteli mpya ya karibu na stendi ya Msamvu ikawa inaleta gari kila Ijumaa. Mboga nzuri ziliondoka. Watoto walipikiwa yale majani ya nje, yenye matundu ya wadudu, ndani ya maharage.

Na kwenye faili, kila baada ya wiki mbili, Sista aliandika: *Anafanya kazi vizuri. Aendelee.*

Daktari alikuwa mmoja. Alikuja Alhamisi moja, akaruka moja, akawaona watoto kumi na wanne kabla ya saa sita. Alisoma faili, akatazama juu, akauliza, "Unalala?" Prisca akajibu, "Nalala." Akaweka saini.

Mama yake, Kristina, aliteremka na gari la mboga kila Jumamosi, akauza matenga yake sokoni, kisha akaja wodini bado ana udongo kwenye kucha. Mara tatu aliomba mtoto wake atolewe. Mara tatu karani wa mapokezi alimwonyesha fomu. Aliyemleta mgonjwa ndiye anayemtoa. Aliyemleta ni Severini.

"Severini hayupo," Kristina alisema.

"Basi asubiriwe."

"Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Fomu haijauliza nani alimzaa, mama."

Mwezi wa Januari aliteremka mjomba, Godfrey, amevaa koti lake la kanisani. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Karani alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anachonga penseli, kisha akasema, "Kumbe wewe ni mjomba tu." Godfrey alirudi mlimani na lile "tu" limemkwama kooni. Inasemekana alilima siku mbili bila kuongea na mtu.

Jumamosi iliyopita Kristina alileta habari. Mwalimu mkuu amekubali Prisca arudie kidato cha pili, ila awe amefika shuleni kabla ya mwisho wa Februari. Baada ya hapo nafasi inapewa mwingine. "Alhamisi nakuja na mjomba wako," alisema, "na safari hii sisemi na karani, nasema na daktari. Wewe kazi yako ni moja. Uwe mzima siku hiyo. Umenisikia?"

Prisca alisikia. Aliandaa kitalu kwa bidii ya mtu mzima kabisa. Mpaka jana jioni, Sista Devotha alipoisoma pakiti ya mbegu kwa sauti, akahesabu kwa vidole, akatabasamu kwa furaha ya kweli, akampiga begani: "Mwezi wa sita tunavuna mia mbili, mimi na wewe."

Mimi na wewe. Ndipo Prisca alipoelewa alichokuwa anakilima.

*

"Usiwe mjinga," Mwamvita alimnong'oneza, Sista alipoondoka kwenda kuchukua faili. "Panda leo, mama yako akija umejaa udongo mpaka kwenye kope, daktari anasema, huyu poa kabisa, huyo, nyumbani. Unapata hasara gani?"

"Nimefanya hivyo hivyo tangu Desemba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niko hapa."

Mwamvita alifikiri. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, kichwa kimenyolewa kama wote, kovu juu ya jicho. "Una akili kuliko inavyotakiwa humu," alisema mwisho. "Ndiyo maana hawakutoi."

Sista alirudi na mhudumu wa kiume, yule mwenye mikono mipana, na trei ya bati iliyofunikwa kitambaa. Hakuwa na faili.

"Twende ndani, Prisca. Umerudiwa na ugonjwa."

"Sijarudiwa."

"Wote wanasema hivyo."

Hapa ndipo mtu mzima anapotiwa wazimu. Akipiga kelele, ndiyo hiyo dalili. Akikimbia, amekimbia kwa sababu ni kichaa. Akimsukuma mhudumu, ameshakuwa hatari. Akilia, ana huzuni isiyo na sababu, na huzuni nayo ina sindano yake. Prisca alilijua hilo kwa sababu amewaona wenzake wakijaribu kila njia, na kila njia iliishia kwenye kitanda kilekile karibu na dirisha lenye nondo.

Akatembea. Alitangulia mbele ya mhudumu ili asishikwe. Alipofika kwenye korido hakukata kushoto kuelekea wodini. Alikaa kwenye benchi lililo nje ya chumba cha daktari, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja zamu yake kanisani.

"Inuka," Sista alisema.

"Nichome baada ya daktari, Sista. Akishaniona akasema nichomwe, nitalala mwenyewe, hamtanishika."

"Unanipangia kazi?"

"Ninaomba. Saa moja tu."

Sista aliitazama trei, akatazama saa yake ya mkononi. Usoni mwake palipita kitu, na Prisca, aliyekuwa karibu, alikiona: hakikuwa hasira. Ilikuwa hesabu. Akichomwa sasa, daktari atakuta msichana anayechuruzika mate na maandishi yatakuwa mafupi. Akichomwa baadaye, huenda yakawa marefu.

"Mshike," alimwambia mhudumu.

Mhudumu alisogea. Alimshika Prisca mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu, kwa uzoefu. Prisca alikaza macho kwenye ukuta wa mbele, penye bango la uzazi wa mpango, akaanza kusoma maneno yake moja moja kimoyomoyo ili mwili usifanye chochote. Alisikia kitambaa kikiondolewa. Alisikia kichupa cha dawa kikivunjwa shingo.

Kisha akasikia sauti kutoka mapokezi, sauti iliyozoea kuita mtu aliye mlima wa pili.

"Nimesema sikuja kwako! Nenda kachonge penseli!"

Kristina aliingia koridoni na vumbi la gari kwenye nyusi, khanga kiunoni, kikapu kichwani. Nyuma yake Godfrey, koti la kanisani, kofia mkononi. Nyuma yao karani, analalamika. Kristina aliona benchi, mhudumu, mkono wa mtoto wake, sindano. Alitua kikapu.

"Hiyo sindano ya nani?"

"Mama Prisca, muda wa kuona wagonjwa ni..." Sista alianza.

"Sikuuliza muda. Nimeuliza sindano ya nani."

"Ya mgonjwa. Amerudiwa asubuhi hii. Amekataa kazi."

Kristina alimgeukia binti yake. Kwa nukta moja, na Prisca aliiona nukta hiyo, mama yake mwenyewe alimtazama kama wanavyotazama wote: mboni, midomo, mikono. Mtoto wa Mgeta amekataa kazi? Alikuja na chupi safi na sketi ya shule ndani ya kikapu, na sasa akakisogeza nyuma kwa mguu.

"Umekataa kazi, Prisca?"

"Nimekataa kuotesha kabichi, mama. Za kuvunwa mwezi wa sita."

Kristina hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwanamke aliyeotesha kabichi maisha yake yote ameshajua kuhesabu miezi kwa mbegu. Alimgeukia Sista Devotha polepole sana.

"Aha," alisema.

Mlango wa chumba cha daktari ukafunguliwa. Dokta Ernest alikuwa amefika kwa pikipiki kupitia mlango wa nyuma na bado alikuwa na alama ya helmeti kwenye paji la uso. "Kelele za nini?" aliuliza. Kisha akaona sindano. "Nani aliagiza hii?"

Mhudumu aliuachia mkono wa Prisca.

"Ingieni. Wote."

*

Chumba kilikuwa na viti viwili. Alikaa daktari, akakaa Godfrey kwa kuwa ndiye mkubwa, wengine walisimama. Faili la Prisca lilikuwa juu ya meza pamoja na mengine kumi na matatu.

"Shikamoo, Dokta," Prisca alisema.

"Marahaba. Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na sita, mwezi wa pili. Alhamisi."

"Unasikia sauti za watu ambao hawapo?"

"Mwezi wa tisa nilisikia. Wa kumi pia, kidogo. Sasa sisikii."

"Unajua kwamba ulikuwa mgonjwa?"

"Najua. Nilichana madaftari yangu yote. La hesabu lilikuwa jipya."

Daktari alikohoa kidogo, kama mtu anayezuia kucheka. "Nimeambiwa umekataa kazi."

Prisca alikuwa ameipanga hotuba yake usiku kucha wa jana, sasa ilimtoroka yote. Ikabaki hesabu.

"Kabichi inakaa kitaluni wiki tano," alisema. "Halafu inahamishwa, inakaa shambani miezi mitatu. Nikimwaga mbegu leo, nani atahamisha? Hapa hakuna mwingine anayejua. Basi nikasema, kama ni mimi nitakayehamisha, na mimi nitakayevuna, andikeni kabisa kwenye faili kwamba Prisca atatoka mwezi wa saba, nami nijue. Msiandike kwamba ninatibiwa."

"Dokta, ile ni tiba," Sista aliingilia. "Iko kwenye mwongozo. Mgonjwa akikaa bila kazi..."

"Tiba gani isiyo na siku ya kwisha?" Kristina aliuliza. "Hata vidonge vya malaria unaambiwa, asubuhi vinne, kesho viwili, basi. Hii yenu inakwisha lini? Hoteli ikifungwa?"

"Mama, punguza sauti."

"Sauti nimeipunguza tangu Desemba, dada yangu. Angalia imenifikisha wapi."

Daktari alifungua faili. Alipekua kutoka nyuma kwenda mbele, na kadiri alivyopekua ndivyo vidole vyake vilivyokwenda taratibu. *Anafanya kazi vizuri. Aendelee. Anafanya kazi vizuri. Aendelee.* Kurasa sita za mwandiko ule ule wa mviringo. Na chini ya kila moja, kwa wino wa bluu, saini yenye mkia mrefu. Saini hiyo haikuwa ya Sista.

Daktari aliifuata ile saini kwa kidole. Nje alisikika Mwamvita akiimba wimbo wa taarabu kwa sauti ya makusudi, chini ya dirisha.

"Mimi nina wodi tatu," daktari alisema, bila kumtazama mtu.

Karani alichungulia mlangoni.

"Kwa nini hamkuja kumchukua?" Daktari aliuliza hivyo, na uso wa Kristina ukawa kama jiwe. Kabla hajafungua mdomo, Godfrey aliinua kofia yake kidogo kutoka magotini, kama anavyofanya mtu anayeomba nafasi kwenye kikao.

"Tumekuja, Daktari. Mara nne. Mara ya nne niliambiwa mimi ni mjomba tu." Alisema taratibu, kwa Kiswahili chenye milima na miteremko ya kwao. "Sasa naomba nikueleze huyo mjomba tu ni nani. Kwetu mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake. Severini alimzaa, tunamheshimu. Lakini huyu akiposwa, watakuja kwangu. Akifanya kosa, nitalipa mimi. Akifa, nitakayesimama kusema ardhi imfunike ni mimi. Na akiugua, wa kuulizwa ni mimi. Nimeishi miaka hamsini na tano nikijua hivyo. Nimekuja kuulizwa."

"Fomu inasema aliyemleta..." karani alianza kutoka mlangoni.

"Fomu naijua," Dokta Ernest alisema. Alisugua ile alama ya helmeti. "Mzee, kumtoa moja kwa moja siwezi bila saini ile, mpaka niandike kwa Mganga Mkuu, na Mganga Mkuu atajibu Mei. Ila ruhusa naweza. Ruhusa ya siku kumi na nne kwenda nyumbani, chini ya ndugu. Hapo fomu haijasema ndugu gani."

"Ruhusa!" Kristina alisema. "Kama mwanafunzi wa bweni?"

"Mama, chukua ruhusa. Siku ya kumi na nne umlete kliniki, si wodini. Nitamwona mimi, nitampa nyingine. Na nyingine. Mpaka barua ijibiwe. Shuleni aende. Vidonge asiache hata siku moja, hata akijisikia mzima kama mjomba wake hapo. Hasa akijisikia mzima. Tumeelewana, Prisca?"

"Ndiyo, Dokta."

"Ukianza kukosa usingizi siku mbili mfululizo, usisubiri ya tatu."

"Ndiyo."

Aliandika. Aliandika mistari mingi, kwa mara ya kwanza ndani ya faili lile. Sista Devotha alisimama ameshika trei yake, sindano imelala ndani imejaa, hakuna wa kuchomwa. Alionekana amechoka. Kristina alimtazama, na kwa kuwa naye alikuwa mwanamke anayejua tarehe kumi ni nini, alitaka kumwambia neno, kisha akamkumbuka mtoto wake akila majani ya nje, akalimeza.

"Dokta," Prisca alisema mlangoni, "na Mwamvita?"

"Mwamvita yupi?"

"Anayeimba. Naye haumwi tena. Ana miezi minane."

Daktari alitafuta kwenye rundo, akalipata faili, akatazama ukurasa wa kwanza. "Aliletwa na polisi, kutoka stendi ya Msamvu," alisoma. "Ndugu: hawajulikani." Akakaa akiutazama ule mstari. Wote walikuwa wanafikiri jambo moja, kwamba aliyemleta ndiye anayemtoa.

"Mwiteni," alisema. "Hii ni zamu yake."

Walipita kwa Mwamvita kwenye kona ya bustani. Prisca alikuwa ameshavaa sketi yake ya shule. Ilimlegea kiunoni, mama yake akaifunga kwa pini. Mwamvita alimkagua kutoka juu hadi chini.

"Umekuwa mtu," alisema. "Usije ukatusahau, wewe mwanakijiji."

"Daktari anakuita."

"Mimi?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akajipangusa mikono kwenye gauni, mara moja, mara mbili, mara tatu. "Niseme nini?"

"Tarehe. Anaanza na tarehe. Kumi na sita."

"Kumi na sita," Mwamvita alirudia akiondoka. "Kumi na sita, kumi na sita."

*

Gari la mboga lilirudi mlimani saa nane, limebeba matenga matupu na watu waliokaa juu yake. Walipita Mzumbe, wakaacha lami, wakaanza kupanda. Mahali barabara inapokatika waliteremka, na kutoka hapo ni njia ya miguu, saa moja na nusu kwa anayeijua. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye vilele. Harufu ya udongo uliolowa ilimfikia Prisca puani, akapumua mpaka kifua kikauma.

Mjomba wake alimpa kikapu. Hakumuuliza kama ataweza. Alimtwisha tu, akatangulia, na baada ya kona ya pili koti lake likapotea kwenye migomba.

Njia ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja. Prisca alitangulia, mama yake nyuma. Kwenye kijito alivuka juu ya mawe bila kushika kitu. Nyuma yake alisikia pumzi ya mama yake ikikatika, halafu ikarudi alipofika ng'ambo. Penye korongo, hivyo hivyo. Kila Prisca alipoharakisha, nyayo za nyuma ziliharakisha. Alipopunguza, zilipungua.

Alisimama. Nyayo zikasimama.

"Mama."

"Bee."

"Pita mbele basi."

Kristina aligeuka kutazama bondeni. Chini yao, mbali, mji ulikuwa umetanda kwenye jua, mabati yakimetameta, na kutoka pale huwezi kujua ipi ni hospitali. Mwanamke huyu aliyewafokea karani, sista na daktari kwa asubuhi moja alikuwa ameshika upande wa khanga yake kwa mikono miwili, anauzungusha.

"Tangulia tu," alisema. "Mimi niko hapa nyuma."

Prisca aliweka kikapu sawa kichwani. Akapiga hatua tatu, akasimama tena, akasikiliza.